Kurasa za Mzee Ausi na Mpaka wa Bi. Mwanahawa

Hadija aliponiomba niandike chochote kwa ajili ya mtakaobaki katika ile ofisi ya upimaji, nilimwuliza anataka nini hasa. Akasema, "Andika vitu vya kazi, dada. Hotuba walishatoa siku ya kukuaga." Ni kweli, zilitolewa tatu, na katika zote tatu nilisifiwa kwa kuwahi kufika kazini. Basi nitaandika vitu vya kazi. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa vilikuwa vichache na havikunibadilishia kiti. Nitaandika zaidi juu ya orodha fupi ya folda niliyoipanga mwenyewe kwenye kompyuta, na juu ya mama mmoja wa upande wa Rutamba aliyepoteza nusu ya shamba lake kwa sababu ya mpangilio ule.

Niliingia ofisini Lindi kuwa mchoraji ramani. Nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko mzuri, basi. Siku ya kwanza Mzee Ausi, mpimaji mkuu, alinipa kalamu ya wino na karatasi, akaniambia nichore mistari mia ya unene mmoja. Nilichora mpaka adhuhuri. Akaipitia kwa kioo cha kukuzia, akanirudishia karatasi. "Wa sitini na tatu umenenepa," alisema. Nilidhani ananitania. Baadaye nilijua kwamba hakuwa mtu wa utani akiwa ameshika karatasi.

Mzee Ausi alikuwa mtu wa Rondo, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alikuwa akiandika kila kitu. Akiletewa barua aliandika nyuma yake saa aliyoipokea. Akirekebisha theodolaiti, ile mashine ya kupimia pembe, aliandika ni skrubu ipi kaizungusha na kiasi gani. Sikufundishwa upimaji darasani. Nilijifunza kwa kusoma daftari zake wakati wa chakula cha mchana, na kwa kumshikia ncha ya pili ya utepe wa kupimia porini.

Kompyuta ililetwa na mradi wa kupima vijiji. Ilikaa kwenye boksi wiki nyingi ikimsubiri mtaalamu wa kuifunga, na mtaalamu hakuja. Mwishowe Mzee Ausi alilikata boksi kwa wembe wake wa kuchongea penseli. Ilikuwa mashine ya aina ile inayoendeshwa kwa kuandika amri, isiyo na picha za kubofya. Hatukupelekwa kozi. Kitu pekee tulichokuwa nacho ni kurasa za mwongozo zilizokuja ndani yake: unaandika jina la amri unayotaka kuielewa, na ukurasa wake unajitokeza. Zilikuwa za Kiingereza kikavu. Tulizisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, yeye akisoma na mimi nikiandika maana.

Baada ya mwaka mmoja alianza kutunga programu ndogo za ofisi. Moja ilikokotoa pembe, nyingine ilinakili vipimo kwenye kanda za sumaku, na nyingine aliiita safisha. Kwa kila programu aliandika ukurasa wa mwongozo wa Kiswahili, kwa mpangilio uleule wa zile za asili: jina, matumizi, maelezo, tahadhari. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua wakati tupo wawili tu. Alinijibu, "Leo tupo wawili."

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzifanya kurasa hizo zionekane. Tulikuwa tukiandika vipimo ndani ya kihariri, yaani ile programu ya kuandikia maandishi matupu, na kihariri hicho kina uwezo wa kuita ukurasa wa mwongozo na kuuweka kando ya kazi yako, ukasoma huku unaandika. Lakini hakijui kurasa zako ziko wapi mpaka ukiambie. Unakiandikia orodha ya folda, moja baada ya nyingine, katikati yake ukitenga kwa nukta mbili.

Jaribio la kwanza lilinila siku mbili. Kurasa zilikuwa ndani ya folda ndogo, nami nikaitaja folda hiyo ndogo. Haukupatikana ukurasa hata mmoja. Kumbe unatakiwa kutaja folda ya juu yake. Ile ndogo kihariri kinaingia chenyewe. Jaribio la pili lilifaulu kupita kiasi. Kurasa za Mzee Ausi zilionekana zote, na zile za asili zikatoweka zote.

"Umeziua, binti," alisema.

"Sijafuta kitu, mzee."

"Najua hujafuta. Zipo palepale zilipokuwa. Umeiambia mashine isiende kuzitazama, na kwa sisi tunaosoma hapa ni kifo kilekile."

Nilikuwa nimesahau kuacha alama moja tupu ya nukta mbili mwishoni mwa orodha, ambayo maana yake ni "kisha tafuta na kwingine kote kwa kawaida." Niliiongeza, na kurasa zikarudi. Siku hiyo pia nilijifunza jambo la tatu, nikaliandika kwenye daftari kwa mkono wangu: kihariri hutafuta kuanzia mwanzo wa orodha, na kikikuta ukurasa wenye jina uliloomba, kinasimama hapo. Hakikuambii kwamba mbele kuna mwingine wenye jina hilohilo. Nayaeleza haya ili msije mkadhani baadaye kwamba sikujua. Nilijua.

Miaka ile ya mradi tulipima vijiji vingi vya ndani. Katika kijiji kimoja upande wa Rutamba, siku ya mwisho, tukiwa tumeshafunga vyombo, walikuja ndugu wawili na mke wa yule mkubwa. Shamba lao la mikorosho lilikuwa la urithi, na walitaka mgao wao wa ndani upimwe hapohapo wakiwa wanapatana. Haikuwa sehemu ya mradi. Mzee Ausi aliwatazama, akafungua vyombo tena. Yule mke, Bi. Mwanahawa, alitembea na mimi mstari mzima akinishikia kofia, akinionyesha miche aliyoipanda mwenyewe upande wao. "Huu niliupanda nikiwa na mimba," alisema, "na ule nikiwa na homa. Angalia ulivyopinda." Tuliweka bikoni nne, yale mawe ya zege ya mipaka. Kwenye ramani ya kijiji mgao ule haukuchorwa, kwa kuwa ramani ilionyesha mashamba mazima tu. Ulibaki kwenye vipimo vya porini. Vitabu vya karatasi vya vipimo hivyo viliharibiwa na paa la stoo lililovuja masika mawili mfululizo, lakini kabla ya hapo tulikuwa tumeshaviingiza vyote kwenye mashine, na tulijipongeza.

Mzee Ausi alistaafu, akarudi Rondo, na haikupita miaka mingi tukaenda kumzika. Nikabaki mimi na mashine, kisha akaja Hadija, akiwa ametoka chuoni.

Nilianza kuandika kurasa zangu. Za Mzee Ausi sikuzigusa. Kuingia kwenye maandishi ya marehemu na kufuta sentensi zake niliona ni kama kumkatiza mtu mzima kauli. Nilizitengea folda yenye jina lake, nikazifunga zisibadilishwe, na zangu nikaziweka kwenye folda nyingine. Kwenye orodha nikaitanguliza folda yake. Hadija aliliona hilo wiki yake ya pili.

"Dada, kwa nini zako ziko nyuma?"

"Yeye ndiye mkubwa."

Akacheka. "Yaani hata ndani ya kompyuta kuna kupisha wakubwa?"

"Hata humo."

Nilijibu kwa fahari. Kwetu mtu haingii mlangoni akimtangulia mzee, wala haanzi kula kabla yake, nami nilifurahi kwamba mashine nayo nimeifundisha adabu. Wakati huo haikuwa na madhara, kwa sababu kurasa zangu zilihusu programu ambazo yeye hakuziandikia. Hapakuwa na majina yaliyogongana.

Kisha likaja suala la zile kanda. Mzee Ausi alikuwa amezihifadhi kwenye kabati la chuma, na chumvi ya pwani ilikuwa imelila kabati lenyewe mpaka bawaba zikawa zinatoa unga. Nilizijaribu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyosomeka. Maana yake ni kwamba vipimo vyote vya zamani sasa vilikuwa kwenye mashine peke yake. Niliomba diski ya akiba, nikajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Naamini bado limepokelewa.

Hapo ndipo ile programu ya safisha ilipogeuka kuwa hatari. Kazi yake ni kufuta vipimo vya zamani ili kupata nafasi, na ukurasa wa Mzee Ausi ulisema kwa utulivu kwamba mtumiaji asiwe na wasiwasi, nakala zote zipo kwenye kanda kabatini. Niliandika ukurasa mpya wa jina hilohilo. Mstari wa kwanza wa tahadhari ulisema: "Kanda zimekufa. Ukiendesha amri hii hakuna kitakachorudi." Niliuhifadhi kwenye folda yangu, nikaufungua moja kwa moja kutoka pale nilipouweka, nikaona umekaa vizuri, herufi nzito mahali pake. Sikuuita kwa jina, kama msomaji atakavyouita. Laiti ningeuita, angejitokeza Mzee Ausi, na ningeona. Kuufungua kulichukua sekunde mbili. Kuuita kungechukua tatu.

Bi. Mwanahawa alikuja ofisini mwaka mmoja kabla ya mwaka wangu wa mwisho. Alikuwa amezeeka, na mumewe alikuwa amefariki. Alipotoka eda alikuta shemeji yake ameng'oa zile bikoni na kulima mahali zilipokuwa, na anasema mpaka ulikuwa ndani ya upande wa Bi. Mwanahawa, kwenye mikorosho aliyoipanda, sasa iliyokomaa. Baraza la ardhi la kata lilikuwa limempa muda alete ushahidi.

"Shikamoo, Bi. Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule binti wa kofia?"

"Ndiye mimi."

"Umenenepa." Akakaa. "Nimewaambia barazani, watu wa serikali waliandika. Shemeji anasema mliandika hewa. Je, mliandika?"

Nilifungua faili mbele yake. Pembe na urefu kati ya bikoni zote nne vilikuwepo, na jina la Mzee Ausi chini yake. Kwa tarakimu zile bikoni zingeweza kurudishwa zilipokuwa, kwa kukosea kiasi cha upana wa kiganja. Nikamwambia, "Vipo. Lete barua ya baraza nitoe nakala yenye muhuri." Alitazama skrini kwa muda, ingawa hasomi. Akauliza, "Ndiyo hivyo vidogo vidogo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nitalala."

Kuna kitufe cha kuchapa. Nilikuwa nacho chini ya kidole. Lakini utaratibu ulisema barua kwanza, na mimi ni mtu wa utaratibu.

Kabla barua haijafika, mama yangu aliugua, nikaenda Mingoyo kumwuguza wiki moja. Katika wiki hiyo zililetwa picha za anga za wilaya ili ziingizwe kwenye mashine. Mashine ikakataa, haina nafasi. Hadija alikuwa peke yake. Aliita ukurasa wa safisha ndani ya kihariri, akausoma wote mpaka chini, akafanya kama ulivyosema. Picha zikaingia, zikajaa juu ya nafasi ileile.

Niliporudi alinipokea kwa furaha. "Pole na mgonjwa, dada. Huku hakijaharibika kitu. Mashine ilijaa, nikasafisha."

Nilimwuliza alisafisha nini.

"Vya zamani. Vile vyenye nakala kabatini."

"Nani kakuambia vina nakala?"

"Ukurasa." Aliona uso wangu, naye wake ukabadilika. "Dada, nilisoma. Sikukisia hata hatua moja. Si ulinifundisha nisikisie?"

Akauita tena ili nione. Ukatokea ukurasa wa Mzee Ausi, na sentensi yake ya utulivu juu ya kabati. Niliviringisha chini, nikarudi juu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua. Wangu ulikuwa folda moja nyuma yake, haujasomwa na mtu yeyote tangu nilipouandika. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimemfundisha mtu mmoja tu kuamini mwongozo kabla ya kugusa kitu, na ndiye huyu.

Nilijaribu kila njia ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Nilisoma kurasa ambazo sikuwahi kuzisoma. Siku ya tano nilipata kipande cha faili chenye kichwa cha kijiji kile na mistari miwili ya pembe ya shamba jingine. Baada ya hapo ni picha za anga, ukungu na bahari. Niliandika makao makuu. Walikuwa na ramani iliyokamilika, ile isiyo na mgao.

Kubadilisha orodha, folda yangu ikawa mbele na yake nyuma, kulichukua dakika moja. Hapa ndipo penye maelekezo, mkiyataka. Mkiongeza ukurasa, uiteni kwa jina, kutoka kwenye akaunti ya mtu mwingine, si ya aliyeuandika. Ipo amri ya kuuliza ukurasa umetoka folda gani. Itumieni kila mara. Ukurasa uliopitwa na wakati utoeni kwenye orodha, hata kama aliyeuandika mlimpenda. Nayaandika haya nikijua kwamba mfumo mpya unaokuja hauna kurasa za namna hii, na kwamba huenda hakuna atakayeyahitaji.

Nilimwendea Bi. Mwanahawa mwenyewe, sikutaka asikie kwa simu. Nilimweleza kwa maneno mepesi kwamba vipimo vimefutwa, na kwamba kosa ni langu. Sikumtaja Hadija.

"Lakini niliviona," alisema.

"Uliviona."

"Na wewe uliviona."

"Niliviona, mama."

"Basi njoo useme."

Nilikwenda kusema. Barazani niliapa, nikaeleza kwamba nilikuwepo siku ya kupima na kwamba mstari ulipita upande wa magharibi wa mikorosho ile. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Aliniuliza mstari ulikuwa wa nyuzi ngapi. Nikasema sikumbuki. Akauliza urefu. Nikasema sikumbuki. Akauliza kama nina karatasi yoyote, hata chakavu.

"Vilikuwa kwenye mashine, mheshimiwa."

Shemeji akasema kutoka kwenye benchi, bila kuinua sauti, "Mashine imekula mipaka, au ilikuwa na njaa tangu siku ile?" Watu wakacheka. Bi. Mwanahawa hakugeuka kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, akingoja niseme tarakimu, kama vile nilizificha kwa sababu fulani na sasa ndio wakati wa kuzitoa.

Baraza lilifuata mashahidi walio wengi, na walio wengi walikuwa jamaa wa shemeji. Siwalaumu wajumbe. Walipima walichopewa.

Hukumu ililetwa ofisini kwetu itekelezwe, na kwa kuwa hakukuwa na mpimaji mwingine aliyelijua shamba lile, kazi hiyo nilipewa mimi. Ilikuwa ya mwisho kabla ya kustaafu. Nilikwenda na Hadija na vyombo. Shemeji alituonyesha mstari aliopewa, nasi tukaupima. Bi. Mwanahawa alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake muda wote. Tulipoweka bikoni ya mwisho, alimwita Hadija, akampa maji, akamwuliza jina lake na la mama yake. Kwangu alisema, "Safari hii umeandika vizuri?"

Nikasema nimeandika.

Na kweli nimeandika. Mstari ule una pembe na urefu uliopimwa mara tatu. Umechorwa kwenye ramani kwa wino. Nakala ziko kwenye mashine, kwenye diski ya akiba iliyofika hatimaye, na makao makuu. Una ukurasa wake wa mwongozo wa kueleza jinsi ya kuurudisha endapo mtu atang'oa bikoni, na nimehakikisha, kwa kuuita kwa jina, kutoka kwenye akaunti ya Hadija, kwamba ndio unaotokea wa kwanza. Katika mipaka yote niliyoishughulikia tangu siku ya kwanza, hakuna uliohifadhiwa vizuri kama huo, nao si mpaka.